Nikuite Nani

"Shikamoo, mama," alisema mhariri kwenye simu.

Mikono yangu ilikuwa na povu la sabuni hadi viwiko, na simu nilikuwa nimeibana kati ya sikio na bega. "Marahaba. Hujambo?"

"Mimi sijambo. Kitabu ndicho mgonjwa."

Sikushangaa. Kitabu chenyewe kilianza kuumwa tangu ukurasa wa kwanza, pale yule bibi Mwingereza anaposhuka ngazi na kumwambia mumewe, darling, mvua imeanza. Siku nilipoliona lile neno kwa mara ya kwanza nilishusha pumzi. Nilijua tutasumbuana.

"Watu wamecheka," mhariri aliendelea.

"Wamecheka wapi?"

"Pale bwana anapokufa. Njoo ofisini, mama, tuzungumze."

Nilisuuza mikono, nikavaa viatu vya kwendea mjini, nikatoka. Uani mume wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya friji la mteja, mgongo wake umenielekea. Nilitaka kumwambia natoka. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikakohoa. Aligeuka, akaniona na mkoba, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye friji lake. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaagana.

Kazi yangu ni kufasiri vitabu. Watu wakisikia hivyo hudhani nakaa kwenye kiti kizuri nikichagua maneno taratibu kama anayechambua mchele. Ukweli ni kwamba ni uchukuzi tu, kama uchukuzi mwingine. Nabeba mzigo wa mtu kutoka lugha hii hadi ile, mgongo unauma, macho yanauma, na jina langu likitokea kwenye jalada basi ni kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Silalamiki. Basi, nalalamika, lakini kazi naipenda, au niliipenda, na mwaka huo nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojua tena ni lipi kati ya hayo mawili.

Ofisi ya mhariri iko juu ya mtambo wa kuchapia. Mtambo ukiwaka, meza inatetemeka, chai inachezacheza kikombeni, na watu wanapaza sauti hata wakiongea siri. Mhariri ni kijana mwenye adabu, huinuka mwanamke akiingia. Alikuja pale mwaka jana tu, mambo yangu hayajui. Ana tabia nzuri na ugonjwa mmoja, nao ni utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu: neno moja la Kiingereza lipewe neno moja la Kiswahili, na lisibadilike mwanzo hadi mwisho. Sheria hiyo wanaitumia kwenye vitabu vya kufundishia pampu za maji, na huko inafaa sana. Mtu akikuambia ufungue vali, hutaki vali hiyo ibadilike jina ukurasa wa pili. Lakini darling si vali.

Yule bibi wa kitabuni analitumia neno hilo kwa mumewe, kwa mbwa, kwa mtunza bustani, kwa shoga zake na kwa kofia yake mpya. Analisema kabla ya kuomba kitu na baada ya kusema uongo. Mumewe naye humwita darling siku zile hasa ambazo hamtazami usoni, maana neno lenyewe linamwepushia mtu kazi ya kukumbuka anaongea na nani. Waandishi wao wana ujanja huo. Wanalichosha neno makusudi, wanalitupa mezani sura baada ya sura kama kijiko cha kawaida, mpaka msomaji halioni tena. Halafu kwenye sura ya mwisho mtu mmoja analisema mara moja, kwa dhati, na hapo linakuwa zito kuliko ile nyumba yao yote.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimempa kila mmoja lake. Mbwa nilimwita "mwanangu". Mtunza bustani, "baba". Shoga zake, "shoga". Mume aliitwa kulingana na hali ya hewa ya nyumba: "mume wangu", "mwenzangu", "bwana wee", na siku bibi alipokuwa anamdanganya, "laazizi", kwa sababu mke anayemwita mumewe laazizi wakati wa kifungua kinywa ana jambo.

Mhariri akapitisha sheria yake. Yote yakawa "mpenzi".

"Sasa," alisema, akikuna kisogo, "wasomaji wetu wa majaribio wanaona bibi anamwita mtunza bustani mpenzi, mume yupo hapohapo, anakunywa chai. Mmoja ameniuliza kwa nini bwana hamfukuzi yule mtunza bustani. Mwingine anasema hajawahi kusoma kitabu cha vituko kama hiki."

"Na mbwa?"

"Mbwa naye ni mpenzi," alisema kwa huzuni ya kweli.

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, na kicheko kilitoka na vumbi lake. Alicheka pia, kwa kuwa alikuwa amefika mahali pa kucheka au kuacha kazi.

"Walipofika kwenye kifo, mama, bibi kapiga magoti kando ya kitanda, anasema 'mpenzi', watu walikuwa wameshazoea. Wakaangua kicheko. Basi mimi nimekubali, sheria imetukaba wenyewe. Rudisha unavyoona. Mradi sura ya mwisho isichekeshe."

Nilimshukuru. Si wahariri wengi wanaokubali kwamba wamekosea kabla ya kitabu kutoka. Nikanyoosha mkono kuchukua muswada, lakini hakuuachia.

"Kuna kitu kingine." Alifunua ukurasa wa mwisho, uliokuwa na alama ya kalamu nyekundu. "Huyu Baba Chiriku ni nani?"

Chini, mtambo uliwaka. Meza ikaanza kutetemeka.

"Nani?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Baba Chiriku!" alipaza sauti juu ya mtambo. "Yupo ukurasa wa mwisho wa muswada wako tu, kwenye nakala ya wasomaji mchapaji ameshaweka mpenzi. Nimemtafuta kitabu kizima. Nilidhani labda ni jirani niliyemruka. Jana nimerudia sura zote, mama, moja baada ya nyingine. Hayumo." Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kiofisi: "'Usiende bado, Baba Chiriku,' alisema. 'Usiende bado.'"

Nilitazama ule mstari. Ulikuwa wangu. Nilikumbuka hata jioni niliyouandika, jinsi vidole vilivyokwenda vyenyewe huku kichwa kikiwa kwingine. Kwenye Kiingereza palikuwa na darling.

"Isitoshe, hawa wawili hawana mtoto," mhariri aliongeza. "Ndiyo shida yao yote kitabuni."

"Najua kama hawana mtoto!" nilisema, kwa ukali ambao yule kijana wa watu hakuustahili. "Mimi ndiye niliyekifasiri. Ni kosa. Nitalitoa."

"Sawa, mama," alisema taratibu, akaniachia muswada.

Nilishuka ngazi nikiushika ukuta.

*

Chiriku alikuwa binti yetu. Jina lake la shule lilikuwa lingine, lakini aliongea tangu hajaota meno yote, akaongea akila, akaongea akioga, akaongea usingizini, na baba yake akasema huyu ni chiriku, basi. Mtaa mzima ukamwita hivyo. Sisi tukawa Mama Chiriku na Baba Chiriku.

Sijui kwa wengine. Kwetu mke hapayuki jina la mumewe kama anayeita kuli, na mume mwenye heshima zake hamwiti mkewe jina alilopewa na baba yake mzazi. Mkipata mtoto, mtoto anawapa majina. Kabla ya hapo mnajikongoja. Mume wangu siku za mwanzo aliniita "bibie" kwa utani, mimi nikamwita "bwana mkubwa", na wote tulijua ni majina ya kushikia nafasi tu. Chiriku alipozaliwa, tulitulia. "Mama Chiriku!" ingesikika kutoka uani, nami ningeitika "Abee!" kutoka jikoni, kutwa kucha, mpaka neno lenyewe likawa halina maana nyingine isipokuwa kwamba nipo na yeye yupo.

Nyumba ilikuwa na kelele siku hizo. Mimi husoma kwa sauti nilichofasiri, maana jicho linasamehe mambo ambayo sikio halisamehi. Dirisha la chumba ninachofanyia kazi linafunguka uani, na uani ndiko mume wangu alikokuwa akitengeneza mafriji ya watu. Nilisoma, yeye alisikiliza huku anafungua nati. Sentensi ikimkera aligonga spana kwenye bati la friji bovu lililokuwa pale siku zote. Ngo moja, maana yake rudia. Ngo mbili, maana yake hakuna mtu duniani anayesema hivyo. Chiriku alikimbia kati yetu akipeleka maoni ambayo hayakuwa na spana yake. "Baba anasema huyo mwanamke anaongea kama tangazo la dawa ya mbu!" Baba hakuwa amesema neno. Ni yeye mwenyewe.

Alikufa akiwa darasa la sita, kwa homa ya uti wa mgongo. Jumapili aliongea, Jumatano hakuongea. Zaidi ya hapo sina la kueleza.

Baada ya msiba watu hawakujua watuite nini. Muuza duka aliniona akaanza, "Karibu, Mama Chi..." akameza, akabaki na "mama". Tangu hapo mimi ni mama, nukta. Mama wa nani, hakuna anayesema. Walifanya hivyo kwa huruma, najua, waliogopa kunitonesha. Lakini ni kama walikaa kikao wakakubaliana kumzika mtoto wangu mara ya pili, safari hii kwenye midomo yao.

Na sisi wawili tukafanya vilevile. Hatukukaa kikao. Siku moja alianza kuniita, akafika nusu, akanyamaza. Siku nyingine mimi. Tukaanza kukohoa, kugonga mlango, kusema "sikia", "chakula tayari", "kuna mgeni". Miaka mitatu mtu na mumewe wanaongea kama abiria waliokaa kiti kimoja. Hatukugombana hata mara moja. Ingekuwa afadhali tungegombana, maana hata ugomvi unataka umwite mtu jina. Kusoma kwa sauti niliacha. Spana ikarudi kwenye kazi za spana.

Halafu, mwezi ule niliokuwa namalizia sura ya mwisho, aliingia chumbani, akasimama karibu na kabati. "Nimepata kazi," alisema. "Ghala la baridi, mji mwingine. Naanza mwezi ujao."

"Vizuri," nilisema.

Alisimama kidogo tena, kama aliyesahau kitu, kisha akatoka. Hakusema njoo. Hakusema baki. Jioni hiyo niliketi nikafasiri kifo cha yule bwana wa Kiingereza, na vidole vikaandika vilichoandika.

*

Niliporudi kutoka ofisini nilimkuta wifi yangu jikoni kwangu, dada wa mume wangu, amejifunga kanga kifuani na anakwangua sufuria ambayo mimi nilikuwa nimeikatia tamaa. Wifi ni mtu wa vitendo. Akija kuomboleza anafua, akija kusherehekea anafua.

"Wifi, kaka anaondoka keshokutwa," alisema bila salamu. "Ameniita nimpigie pasi mashati. Mashati yote, wifi. Mtu anayerudi hachukui mashati yote."

"Nimeona."

"Umeona! Umeona, umekaa. Umemwambia asiende?"

"Hakuniuliza. Aliniambia tu."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia vizuri."

Wifi aliweka sufuria chini, akanitazama kama anayetazama ukuta ulioanza kupinda. "Nyinyi wawili mnanichosha. Mimi na marehemu mume wangu tuligombana mpaka majirani wakawa wanatuamulia kwa zamu, lakini kila mtu alijua tupo. Nyinyi mnapishana humu ndani kama vivuli. Mwite basi mzungumze."

Nilikaa kwenye kigoda. Miguu ilikuwa inauma, na ule muswada mapajani ulikuwa na uzito wa mtoto aliyelala. "Sina neno la kumwita, wifi."

"Wewe? Si ndiyo kazi yako? Mwite darling." Alitamka kwa mbwembwe, midomo mbele, mpaka nikatabasamu.

"Nilijaribu mpenzi."

"Enhe?"

"Wiki iliyopita, tunakula. Nikasema, mpenzi, nipe chumvi. Akanitazama, akaitazama chumvi, akaniuliza, unaumwa?"

Wifi alicheka mpaka akashika ukingo wa karo. Nami nikacheka, kisha kicheko kikanigeukia, nikajikuta nalia kwa sauti ya kutisha, sauti ambayo sikuitoa hata siku ya mazishi. Wifi alifuta mikono, akaja akanishika kichwa akakikandamiza tumboni kwake, pamoja na maji ya sufuria na yote.

"Mimi sitaki aende," nilisema ndani ya kanga. "Sitaki aende, wifi. Nimechoka, nimechoka, lakini sitaki aende."

"Sasa hayo unaniambia mimi ya nini?" aliuliza. "Mimi naenda wapi?"

*

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nzima nilimrudishia kila mtu wa kitabuni neno lake. Mbwa akawa mwanangu, mtunza bustani akawa baba, na amani ikarejea kwenye bustani. Ilikuwa kazi nyepesi, nilishaifanya mara moja. Mchana nilifika ukurasa wa mwisho, wenye kalamu nyekundu.

Uani nilisikia vyuma. Mume wangu alikuwa anafunga zana zake. Alikuwa na begi kubwa la turubai, na kila kitu alikisugua kwa tambara lenye mafuta kabla ya kukiingiza: koleo, bisibisi, geji za gesi. Spana ilitangulia, ikalala chini kabisa. Basi lake lilikuwa la kesho asubuhi.

Nilifikiria kwenda kusimama mbele yake. Niliona jinsi itakavyokuwa: nitakohoa, atageuka, nitasema chakula tayari. Kwa hiyo nilibaki palepale kitini. Nilisukuma dirisha, nikaushika ukurasa kwa mikono miwili, nikaanza kusoma kwa sauti.

Sauti ilitoka na kutu. Nilisoma jinsi chumba cha mgonjwa kilivyokuwa, jinsi mapazia yalivyovutwa, jinsi bibi alivyopiga magoti sakafuni na kofia yake bado kichwani. Uani vyuma vilinyamaza kidogo, kisha vikaendelea.

"'Usiende bado, mpenzi,'" nilisoma.

Akaingiza kitu kingine begini.

"'Usiende bado, laazizi.'"

Vyuma vikanyamaza. Nilisubiri. Nikasikia begi likipekuliwa, vitu vikitolewa na kuwekwa chini, kimoja kimoja. Kisha, kwenye bati la lile friji bovu:

Ngo, ngo.

Nililaza ukurasa mezani ili nisiuchane.

"'Usiende bado, mume wangu.'"

Ngo, ngo.

"'Usiende bado, roho yangu.'"

Ngo, ngo, haraka, kama zamani alipokuwa akichukizwa hasa.

"'Usiende bado, mwenzangu.'"

Hapo alikawia. Ngo moja. Nilirudia. Alikawia tena, kisha akagonga mbili, polepole, kwa masikitiko, kama anayemrudishia mtu kitu kizuri ambacho hakimtoshi.

Sikuwa na jingine. Maneno yote ya Kiswahili niliyokuwa nayo kwa ajili ya lile darling yalikuwa yamepita na kugongwa. Nilitazama kalamu nyekundu ya mhariri.

"Kuna moja nililiandika kwa kukosea," nilisema. Huko hakukuwa kusoma tena, nilikuwa nasema naye. "Halimo kitabuni. Nimeambiwa nilitoe."

Niliinua tena ukurasa.

"'Usiende bado, Baba Chiriku,'" nikasema. "'Usiende bado.'"

Nilisubiri spana. Haikulia. Mtaani pikipiki ilipita, mtoto wa jirani akaita kuku, na spana haikulia. Niliinuka nikaenda dirishani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kreti lililopinduliwa, zana zake zote zimetapakaa miguuni, spana gotini. Alikuwa analia mdomo wazi, bila sauti, na hakuwa anajificha. Katika miaka hiyo mitatu nilidhani hakulia. Nilikuwa nimemchukia kidogo kwa hilo, sasa naweza kusema.

"Rudia," alisema kwa mdomo wake.

Nilirudia, nikimtazama yeye.

Alijifuta uso kwa lile tambara la mafuta, akajipaka weusi shavu zima. "Mhariri anasemaje?"

"Anasema litoke. Wale wa kitabuni hawana mtoto."

"Wao hawana," alisema. Akaiviringisha spana mkononi. "Sisi tunaye."

Niliegemea ukingo wa dirisha. Nilikuwa nimechoka bado, uchovu wa aina ile hauondoki kwa siku moja, lakini ulikuwa umekaa vizuri zaidi mwilini, kama mzigo uliohamishiwa bega la pili.

"Kwa nini hukuniambia twende wote?" niliuliza.

"Huko wana nyumba ya fundi, vyumba viwili. Niliwaambia huenda tukaja wawili." Alikuwa anaongea na spana. "Kila siku nakuja mpaka mlangoni hapo. Nasema leo namwita, namwambia. Nikifika, nasimama. Nikuite nani?" Aliinua macho. "Eh? Nikuite nani? Kila mtu ameshaliacha lile jina. Nikasema nikilitamka mimi, nitamuua tena mama wa watu."

Mwanamke niliyekesha na maneno ya mapenzi ya watu mwaka mzima, sikuwa na hata moja. Nilikuwa na lile la zamani tu.

"Niite vilevile," nilisema.

Alisimama. Spana hakuirudisha begini, aliiweka juu ya friji bovu, mahali pake pa siku zote. Akanyoosha shati, akasafisha koo. Kati yetu zilikuwa hatua chache tu, lakini aliita kwa sauti ya kutoka uani hadi jikoni, sauti ambayo mtaa mzima ungeisikia.

"Mama Chiriku!"

"Abee," nikaitika.